Kutawanya, Kutapanya na Kusambaa: Maneno ya Mtawanyiko na Matumizi Yake katika Handeni na Korogwe

Katika siku za kusia mpunga, mwanafunzi mmoja wa upande wa Korogwe aliandika katika insha yake sentensi hii: "Mama alitapanya mbegu kitaluni." Nilikuwa karibu kuipita, kwa kuwa sarufi yake haina kosa hata moja. Upatanisho ni mwema, kitenzi kina wakati wake, na mahali pametajwa. Lakini mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani akimngoja mjukuu wake alisikia sentensi ile ikisomwa kwa sauti, akacheka, akasema, "Ikiwa mama ametapanya mbegu, basi mwaka huu mtakula nini?" Darasa zima likacheka, na mwanafunzi yule akaona haya. Mimi nami niliona haya kuliko yeye, maana neno lile alilipata kwangu. Juma moja kabla ya siku ile nilikuwa nimeandika ubaoni maneno tawanya, tapanya, sambaza, eneza na mwaga, nikasema kwamba yote yana maana moja.

Hayana maana moja. Mzee yule, ambaye hakusoma sarufi, alijua jambo ambalo mwalimu wake mjukuu alilisahau. Basi katika maelezo haya nataka kuyapanga maneno ya mtawanyiko kama yasemwavyo kila siku katika nchi ya Handeni na Korogwe, na kuonyesha kanuni mbili zilizo rahisi, ambazo kwazo mwalimu aweza kumsaidia mwanafunzi kuchagua neno lililo sawa. Kanuni ya kwanza yahusu maana ya neno. Ya pili yahusu umbo lake. Nayo hiyo ya pili si jambo la mtihani tu, bali ni jambo la haki, kama tutakavyoona.

Asili ya kosa

Kosa langu lilitoka katika kamusi, wala kamusi haina hatia. Kamusi ya kutoka Kiingereza hadi Kiswahili huweka neno moja la Kiingereza upande wa kushoto, na upande wa kulia huweka safu ya maneno yetu, moja baada ya jingine, yakitengwa kwa alama ya mkato. Alama ya mkato haisemi neno lipi ni la mbegu, lipi la kuku, lipi la mali ya urithi. Mwenye lugha hujua bila kuambiwa. Mwenye kujifunza huchukua neno la kwanza aliloliona. Tena wanafunzi wetu wengi wa sehemu hizi nyumbani husikia Kizigua, Kinguu, Kishambaa au Kibondei kwa wazee wao, na Kiswahili cha vitabu hukipata kwetu. Tukiwapa safu ya maneno bila mipaka, tumewapa kapu la funguo bila kuwaonyesha milango.

Kanuni ya kwanza: tafuta neno la kukusanya

Kila neno la kutawanya lina mwenzake wa kukusanya. Ukitaka kujua neno lifaalo, jiulize: vitu hivi vikisha kwenda huku na huko, vitarudishwaje? Jibu la swali hilo litakuonyesha neno.

Tawanya. Mwenzake ni kusanya. Kitu kitawanywacho kilikuwa pamoja kwanza, kama kundi, mkutano au jamaa, kisha kila sehemu imeshika njia yake. Mwewe akishuka, vifaranga hutawanyika. Mama yao akiita, hukusanyika tena. Ibada au baraza likiisha, watu hutawanyika, wala hapana ubaya wowote, kwa kuwa kesho watakutana. Angalia basi kwamba neno hili lina kumbukumbu ndani yake. Kusema kwamba watu wametawanyika ni kusema kwamba palikuwa na siku walipokuwa pamoja. Vitu ambavyo havikuwa pamoja kamwe, kama miti ya porini iliyoota mmoja hapa na mmoja kule, havikutawanyika. Viko mbalimbali tu.

Sia. Mwenzake ni vuna. Hili ndilo neno halisi la kutupa mbegu juu ya udongo kwa mkono, kama mbegu za mpunga kitaluni au mchicha bustanini. Mahindi ya Handeni hayasiwi. Hupandwa, maana mkulima huchimba shimo, akatia punje, akafukia. Vijana wengi wa leo wameliacha neno kusia, nao husema "kumwaga mbegu." Wanaeleweka, lakini ni hasara kulipoteza neno ambalo ndani yake mna tumaini la mavuno. Mwanafunzi wangu alipaswa kuandika, "Mama alisia mbegu kitaluni," na mzee asingecheka.

Mwaga. Mwenzake ni zoa. Mtu humwaga kilichokuwa ndani ya chombo, kiwe maji au nafaka, kwa kutaka au kwa bahati mbaya. Gunia likipasuka njiani, mahindi humwagika, na wenyewe huinama wakayazoa. Methali yasema, "Maji yakimwagika hayazoleki." Methali hii hupata nguvu yake katika kanuni yetu hii hii: imelitaja neno la kutawanya, ikalitaja neno la kukusanya, kisha ikakana kwamba la pili litafaa kitu. Ndugu yake mwaga ni nyunyiza, ambalo ni kutupa kidogo kidogo kwa kusudi jema, kama maji juu ya miche au chumvi juu ya nyama. Kilichonyunyizwa hakitafutiwi neno la kukusanya, kwa kuwa kimekwisha tumika.

Zagaa na tapakaa. Zagaa husemwa kwa vitu vilivyolala ovyo kila mahali bila mpango, kama maganda ya machungwa baada ya siku ya soko. Dawa yake ni kufagia na kuzoa. Tapakaa husemwa kwa kitu kinachoshika juu ya kingine, kama matope, damu, au lile vumbi jekundu la Handeni ambalo wakati wa kiangazi hutapakaa hata kwenye majani ya miembe. Kilichotapakaa hakikusanywi, hufutwa au huoshwa. Mwanafunzi asemaye, "Vumbi limetawanyika nguoni," ameeleweka, lakini mwenye lugha atajua kwamba ni mgeni.

Sambaa na enea. Haya mawili hayana mwenzake wa kukusanya, nayo ni alama yao. Moto wa nyika ukisambaa hauna wa kuukusanya. Huzuiwa au huzimwa. Habari ikienea haiitwi irudi. Tena kitu kinachosambaa au kuenea hakipungui pale kilipotoka, chazidi. Tofauti yao ni ndogo, lakini ipo: sambaa aghalabu hutazama mwendo, kitu kikitoka hapa kwenda kule kwa njia nyingi, enea hutazama mahali palipojazwa. "Habari zinasambaa" maana yake bado ziko njiani; "habari zimeenea" maana yake hapana nyumba isiyozijua.

Mfano mzuri wa kuenea tunao mlangoni petu, nao ni mkonge. Mwaka wa 1893 Dk. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida katika Marekani. Miche hiyo ilipita Hamburg, na kwa taabu ya safari ikafa karibu yote. Iliyopona ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. (Msomaji asichanganye Kikogwe hii na Korogwe yetu.) Kutoka katika miche ile 62 mkonge ulienea katika bonde la Pangani, Korogwe na Tanga, hata nchi ikajulikana duniani kwa zao hilo. Hapa huwezi kusema kwamba mkonge "ulitawanyika," kwa kuwa haukutoka katika kundi moja likavunjika. Ulizaa, ukaongezeka, ukaijaza nchi. Na ile miche mingine zaidi ya 900 haikutapanywa, maana hapana aliyeichezea, ilikufa njiani.

Tapanya. Neno hili lina mwenzake kwa jina tu. Mali iliyotapanywa hairudi. Mwenyewe aweza kutubu, aweza kuanza kuchuma upya, lakini ile ya kwanza imekwenda. Ndiyo maana wafasiri wa Injili, katika habari ya mwana mpotevu, waliandika kwamba alitapanya mali yake. Hawakuandika kwamba alitawanya. Neno hili lina lawama ndani yake. Hata likitumiwa kwa vitu vidogo, kama nguo au vitabu vilivyotupwa chumbani, msemaji huwa amekasirika. Basi mzee wetu aliposikia kwamba mama alitapanya mbegu, alisikia kwamba mama alizipoteza kwa uzembe. Alicheka, lakini kwa kweli mama wa watu alikuwa amesingiziwa.

Farakana, sambaratika na paraganyika. Farakana ni la watu peke yao, nalo lasema kwamba kilichowatenga ni ugomvi. Mwenzake ni patana. Ndugu wawili, mmoja akikaa Korogwe na mwingine Handeni, waweza kuwa wametawanyika bila kufarakana. Na ndugu wengine hukaa ua mmoja, nao wamefarakana. Sambaratika na paraganyika ni ya kitu kilichokuwa na umbo au mpango, kisha umbo lile likavunjika, kama jeshi, chama au nyumba. Mwenzao ni kujenga upya au kupanga upya.

Jina la Wasambaa

Hapa sharti niseme neno juu ya swali ambalo wanafunzi huuliza mara kwa mara: je, Wasambaa waliitwa hivyo kwa sababu walisambaa milimani? Sauti zafanana, na wako watu wazima wanaojibu ndiyo. Mimi huwashauri waalimu wasijibu upesi. Wenyewe katika lugha yao hujiita Washambaa, kwa sh, na nchi yao huiita Shambaai, yaani ile nchi ya juu yenye mvua na migomba, nao huitofautisha na nyika iliyo chini yenye joto na ukame. Jina lao basi lashikamana na namna ya nchi. Waswahili wa pwani wakalitamka kwa s. Wageni wa Ulaya wakaandika Usambara kwa r. Kufanana kwa jina la namna hii na kitenzi cha Kiswahili si ushahidi wa asili yake. Tena kwa kanuni yetu neno kusambaa halilaumu wala halidharau, lakini jina la watu ni jambo la heshima, na yafaa wenyewe waulizwe kwanza kabla ya kamusi.

Kanuni ya pili: uliza "na nani?"

Sasa nakuja kwenye umbo la neno. Kitenzi tawanya chaweza kunyambuliwa kwa njia mbili ambazo wanafunzi huzichanganya: tawanywa na tawanyika. La kwanza ni la kutendwa, la pili ni la kutendeka. Ukisema, "Vifaranga walitawanywa," msikilizaji atauliza papo hapo, "Na nani?" nawe utajibu, "Na mwewe." Ukisema, "Vifaranga walitawanyika," haulizi, maana yule mwewe amefichwa na kitenzi chenyewe. Hata ukitaka kumtaja, sarufi hairuhusu vema: "walitawanyika na mwewe" yaweza kueleweka kwamba mwewe naye alikuwa mmoja wao, wakaondoka pamoja.

Kwa vifaranga hapana madhara. Kwa wanadamu yako, nami niliyaona darasani kwangu. Siku moja katika somo la habari za kale niliandika ubaoni: "Wazigua wengine walitawanyika hata Somalia." Binti mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, walifuata nini huko mbali?" Swali lake lilikuwa la haki. Kitenzi changu kilimwambia kwamba waliondoka wenyewe, kama watu watokao sokoni jioni.

Lakini habari yenyewe si hivyo. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikamata nchi ya Wazigua. Simulizi zilizohifadhiwa na wazao wao husema kwamba watu wengi walishuka pwani kutafuta chakula, nao wakapakiwa majahazini kwa ahadi ya kazi na riziki. Wakafikishwa Barawa na bandari nyingine za pwani ya Benadiri, wakauzwa utumwani katika mashamba ya bonde la mto Shabelle. Baada ya miaka, wengi walitoroka. Simulizi humtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza, nia yao ikiwa kurudi kwao kusini. Safari ilikoma katika msitu wa mto Juba, mahali paitwapo Gosha. Wakafyeka msitu, wakalima, wakajilinda, na lugha yao ya Kizigua wakaishika, vizazi kwa vizazi.

Haya, tupime maneno. Je, mwanzoni walitawanyika? La, walichukuliwa, wakauzwa. Vitenzi hivi viwili ni vya kutendwa, na kila kimoja chadai mtendaji wake, naye ni mfanyabiashara ya watumwa. Ukisema "walitawanyika kwa njaa" umesema nusu ya kweli, kwa sababu njaa iliwashusha pwani, lakini njaa haikuwatia jahazini wala haikupokea fedha. Je, huko Gosha walikuwa wametawanyika? La, huko ndiko walikokusanyika, waliotoroka kutoka kwa mabwana mbalimbali wakawa jamii moja. Mtawanyiko wao wa kweli ulikuja baadaye sana. Mwaka wa 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na vita vikaenea Somalia. Wakulima wa bonde la Juba, ambao hawakuwa na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwatetea, walinyang'anywa akiba yao, na wengi wakauawa. Waliobaki wakakimbia, wengi wao hadi kambi za Dadaab katika Kenya. Jamii iliyokuwa pamoja kwa zaidi ya miaka mia ikatawanywa na vita. Hapo ndipo neno letu lafaa, nalo lafaa kwa umbo la kutendwa.

Wengine walikuja Tanzania, wakapokewa katika Wilaya ya Handeni, kwanza katika kambi ya Mkuyu, na tangu mwaka wa 2003 katika makazi ya Chogo, walikopewa ardhi ya kulima. Na serikali ikawafungulia njia ya kuomba uraia. Marekani nayo ilikubali kupokea watu wapatao 12,000 wa jamii hizi za wakulima kutoka kambi za Kenya, nao walianza kufika kwa wingi mwaka wa 2003 na 2004. Baadhi yao leo hukaa Lewiston katika jimbo la Maine, nchi ya theluji. Waliofika Handeni waliongea na wenyeji kwa Kizigua, wakaelewana, ijapokuwa miaka zaidi ya 150 ilikuwa imepita. Hapa ndipo lugha yenyewe ilipofanya kazi ya kukusanya. Na neno gani lafaa kwa kuja kwao? Wengine husema "wamekimbilia Handeni," na ni kweli. Wengine husema "wamerudi," na hilo nalo ni kweli kwa namna yake, ijapokuwa hapana hata mmoja wao aliyekuwa amepata kuiona Handeni kabla ya siku ile. Aliyerudi si mtu mmoja mmoja, bali jamaa.

Binti yule nilimjibu juma lililofuata. Nilifuta sentensi ya kwanza, nikaandika: "Wazigua wengine walichukuliwa, wakauzwa Somalia." Hakuuliza tena walifuata nini. Aliuliza, "Waliuzwa na nani?" Na hilo ndilo swali ambalo mwalimu wa habari za kale hutaka kuulizwa.

Neno na mahali asimamapo msemaji

Mfano wa pili ni wa mashamba ya mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka wa 1902, na mashamba yakafuata. Kazi ya kukata mkonge ni ngumu, na wenyeji hawakutosha au hawakupenda. Basi vibarua wakatafutwa mbali, kama vile Kigoma, Songea na nchi za jirani. Mwaka wa 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwaandikisha, ikijulikana kwa jina la SILABU. Kila kibarua alipewa namba, na kutokana na namba watu wakawaita manamba. Je, manamba walitawanyika au walikusanyika? Yategemea msemaji asimama wapi. Mama aliyeachwa kijijini Kigoma alisema, "Wanangu wametawanyika." Msimamizi wa Korogwe alisema, "Watu wamekusanywa." Ni watu wale wale, na safari ile ile. Kwa hiyo mwalimu atakaposahihisha insha ya namna hii, asikate neno kwa wino mwekundu kabla ya kuuliza ni nani anayesimulia. Wajukuu wa manamba wengi ni wenyeji wa Korogwe leo, nao hawajioni kuwa wametawanyika. Hapa ndipo kwao.

Mfano wa tatu ni wa vijiji. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba watu wote wa mashambani sharti wawe wanaishi vijijini kabla ya mwisho wa mwaka wa 1976. Sababu zilizotolewa zilikuwa njema: shule, maji na zahanati haziwezi kufuata kila nyumba iliyo peke yake. Katika hotuba za siku zile ilisemwa kwamba wananchi "wametawanyika." Tupime neno hili kwa kanuni yetu ya kwanza. Mzee aliyekaa katika kitongoji cha ukoo wake, karibu na shamba lake na makaburi ya baba zake, alikuwa ametawanyika kutoka wapi? Hakuwa amepata kukaa kijiji kikubwa kikavunjika. Makazi yalikuwa mbalimbali, hayakuwa yametawanyika. Lakini neno likisha kutumika, tiba yake hufuata yenyewe, kwa kuwa kilichotawanyika sharti kikusanywe. Na wako waliohamishwa mbali na mashamba yao ambao waliona kwamba ni siku ile ya kukusanywa ndipo walipotawanywa na vitu vyao. Sisemi haya ili kuhukumu siasa ya wakati ule, ambayo ilileta shule nyingi tunazofundisha sisi. Nasema ili waalimu waone jinsi neno moja lisilopimwa liwezavyo kutangulia mbele ya tendo kubwa.

Majina yatokanayo na vitenzi hivi

Mwanafunzi akisha kushika vitenzi, majina ni rahisi. Mtawanyo ni tendo la mwenye kutawanya. Mtawanyiko, au utawanyiko, ni hali ya waliotawanyika. Utawanyaji ni kazi yenyewe. Kutoka kusambaza twapata usambazaji, kama usambazaji wa maji. Kutoka kueneza, uenezi na uenezaji. Kutoka kutapanya, utapanyaji, na mtu wake ni mtapanyaji. Kutoka kufarakana, mfarakano. Usiandike "utapanyaji wa vitabu shuleni" ukitaka kusema kwamba serikali imegawa vitabu, maana utakuwa umeishitaki.

Tena liko neno geni ambalo sasa husikika redioni na katika hotuba, nalo ni diaspora, kwa maana ya wananchi wakaao nchi za nje. Wengi hudhani ni neno la siasa ya siku hizi. Kumbe ni la Kiyunani cha kale, nalo ndilo lililo katika mwanzo wa nyaraka za Yakobo na Petro, pale wanaposalimiwa watu wa Mungu waliotawanyika. Mzizi wake ni kitenzi cha Kiyunani cha kusia mbegu. Wafasiri wetu walichagua kutawanyika, wala hawakukosea, kwa maana wale walikuwa watu wa jamaa moja waliokuwa mbali na kwao. Lakini yafaa Padri au mwalimu alielezapo neno hili awakumbushe wasikilizaji ile mbegu iliyofichwa ndani yake. Kilichotawanyika hungoja kukusanywa. Kilichosiwa huota pale pale kilipoanguka, kikazaa. Watu wa Gosha walikuwa vyote viwili.

Ushauri kwa waalimu

Mwisho, naomba waalimu wenzangu wajaribu somo hili dogo. Usiandike ubaoni safu ya maneno yenye maana moja, kama nilivyofanya mimi. Andika jozi: tawanya na kusanya, sia na vuna, mwaga na zoa, farakana na patana. Kisha uliza darasa: tapanya mwenzake ni nani? Waache wanyamaze kidogo. Katika kunyamaza kule watajifunza maana ya neno lile kuliko kwa maelezo yako yote. Halafu wape sentensi zenye -ika mwishoni, wazigeuze ziwe za kutendwa, na kila mara waulize, "Na nani?" Sentensi nyingine zitajibiwa kwa mwewe, na nyingine kwa upepo. Nyingine zitajibiwa kwa majina ya watu, na hapo somo la lugha litakuwa limegeuka kuwa somo la habari za kale, bila kengele kulia.

Yule mzee wa barazani alikuja tena baada ya mavuno, akiwa na kikapu cha mchele mpya. Alikiweka mezani pangu, akaniambia, "Mwalimu, mbegu zile hazikutapanywa." Nikapokea, nikashukuru, nami tangu siku ile sijaliandika neno lile ubaoni bila kulipima kwanza.